Kutoka Membley hadi Itierio: kesi ya zamani ya Walutheri

Ukisimama Membley, karibu na pale Barabara ya Thika inapokutana na Baipasi ya Mashariki, una njia mbili za kuwafuata Walutheri wa kale wa Kenya. Ya kwanza inaelekea mashariki: unapita Ruiru, Juja na Thika, unashika barabara ya Garissa, kisha unakata kulia kwenda Kitui na kuteremka hadi Ikutha. Ya pili inaelekea magharibi: Limuru, Mai Mahiu, Narok, Bomet, Sotik, mpaka Kisii, na kutoka Kisii hadi Itierio. Ya mashariki ndiyo kongwe, nayo imefutika. Ya magharibi ilifunguliwa mwaka 1948 na ingali na watu wake. Nimezifuata zote mbili kwa sababu ya swali moja ambalo limewagawanya Walutheri wa msimamo wa kale kwa zaidi ya miaka 150: mwenye dhambi anahesabiwa haki mbele za Mungu lini hasa, na imani yake ina kazi gani katika hukumu hiyo?

Membley yenyewe si nchi ya Walutheri kwa asili. Waliotangulia Kiambu walikuwa wengine: Waskoti wa Thogoto, Waanglikana wa Kabete, Wamarekani wa Kambui, pamoja na mapadri wa Kikatoliki. Reli ilipofika Thika mwaka 1913, sehemu kubwa ya ardhi ya Ruiru ilikuwa imekwisha kuwa mashamba ya walowezi, kahawa huku na mkonge kule. Maghorofa ya leo yamesimama palipokuwa na mibuni. Mlutheri unayemkuta mitaa hii ameletwa na kazi au na ploti, akitokea Gusii, Nyanza, Pokot au ng'ambo ya mpaka, Kilimanjaro.

Lakini swali lenyewe lipo Membley kila Jumapili, tena kwa kipaza sauti. Ikifika saa nne asubuhi makanisa matatu au manne yanasikika kwa pamoja kutoka kwenye mahema na kumbi za mabati. Mmoja anauliza ni nani ameokoka. Wa pili anataka sadaka ya mbegu ili baraka zifunguke. Wa tatu anatoa ushuhuda, na anataja tarehe na saa aliyokutana na Bwana, na watu wanapiga makofi. Desturi hii ya kutaja tarehe ina historia yake hapa Kiambu. Mwaka 1937 timu ya uamsho kutoka Rwanda ilifika Kabete, na tangu hapo swali la "umeokoka lini?" likawa salamu ya Wakristo wa Mlima Kenya. Waliookoka hao walikuwa watu wa ujasiri. Wakati wa Mau Mau wengi wao walikataa kiapo, na wapo waliouawa kwa kukataa. Hata hivyo swali lao la tarehe lilibeba fundisho ndani yake: kwamba uhakika wa mtu unatokana na jambo lililompata yeye, moyoni mwake, siku fulani. Ulaya ya Kaskazini ilikuwa imekwisha kuligombania jambo hilo karne nzima kabla ya Kabete.

Nianze na njia ya mashariki, ambayo haitachukua muda.

Mlutheri wa kwanza kuacha alama Kenya ni Johann Ludwig Krapf wa Württemberg, aliyeshuka Mombasa mwaka 1844. Alikuwa ameajiriwa na chama cha misheni cha Waanglikana, na ni Waanglikana waliovuna alichopanda Rabai. Huko Bavaria, mchungaji Matthias Ittameier aliliona hilo kuwa ni deni. Mwaka 1886 alianzisha Hersbruck chama cha misheni ya Kilutheri ya Afrika Mashariki, na watu wake wakaanza Jimba, karibu na Rabai, kabla ya kupanda bara kwa Wakamba hadi Ikutha. Hawa hawakukubali kwamba Mprotestanti yeyote anatosha. Walitaka Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lifundishwe lote, pamoja na kile kifungu cha nne kisemacho kwamba watu huhesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa imani. Miaka ya mwanzo ya 1890 kazi yao ilichukuliwa na Misheni ya Leipzig, ambayo macho yake yalikuwa tayari Kilimanjaro. Ukame na njaa kuu ya mwishoni mwa karne hiyo viliipiga Ukambani, waumini walikuwa wachache, kisha vita vya 1914 vikawaondoa Wajerumani. Vituo vikaenda kwa Wamarekani wa Africa Inland Mission. Leo Ikutha ni mji mdogo wa Kitui Kusini, wenye joto, mibuyu na waumini wa AIC, kanisa lililotokana na misheni hiyo. Kilimanjaro, kazi ya Leipzig ikawa sehemu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba. Ukambani haikubaki sinodi.

Njia ya magharibi ndiyo yenye kesi.

Unaposhuka Bonde la Ufa kwa barabara ya zamani, kabla ya kufika Mai Mahiu, kuna kanisa dogo la Kikatoliki upande wa barabara. Lilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakichimba barabara hiyo. Wakiingia watu kumi na wawili, wa kumi na tatu atasimama mlangoni. Wasafiri huteremka, hupiga picha, hununua mahindi ya kuchoma na kuondoka. Mimi nilisimama hapo kwa sababu nyingine. Wanajeshi wa Mussolini ndio walioiteka Ethiopia mwaka 1936, na chini ya utawala wao wamisionari wengi wa Kiprotestanti, Waswidi wakiwamo, walifukuzwa. Miongoni mwa vyama vya Kiswidi vilivyokuwa na kazi Ethiopia kilikuwamo kimoja kidogo, cha watu wagumu, kilichoitwa Bibeltrogna Vänner, yaani Marafiki Waaminifu kwa Biblia. Muitaliano akashindwa mwaka 1941, akaletwa Kenya mfungwa, akajenga kanisa kando ya barabara. Miaka sita baada ya kujengwa kanisa hilo, hao marafiki wa Biblia wakafungua kazi Itierio, nje ya mji wa Kisii.

Hawakufika mahali patupu. Mapadri wa Mill Hill walikuwa Nyabururu tangu 1911, na Waadventista walikuwa Nyanchwa tangu 1912. Mgusii wa mwaka 1948 alikwisha kuzoea hoja za wokovu. Mwadventista alimwambia habari za Sabato na amri kumi. Padri alimwambia habari za ubatizo, kitubio na misa. Na usidhani Waadventista walikuwa wametulia wao kwa wao. Mwaka 1888, kwenye mkutano wao wa Minneapolis, Marekani, waligombana vikali juu ya suala hilihili la haki kwa imani na sheria. Ndipo akatokea Mswidi akisema kazi ilikwisha kufanyika msalabani na kilichobaki ni kuipokea. Nadhani Wagusii walimwelewa upesi kuliko alivyotarajia. Walikuwa wameshasikia pande nyingine mbili.

Lakini huyo Mswidi alikuwa ametoka kwenye ugomvi gani? Hapa inabidi tuache barabara ya Kisii kidogo, twende Stockholm.

Tangu 1726 hadi 1858 sheria ya Uswidi ilikataza watu kukutana nyumbani kwa ibada bila mchungaji wa kanisa la dola. Katika hali hiyo Mmethodisti mmoja kutoka Uingereza, George Scott, alihubiri Stockholm, na mwaka 1842 akaanzisha jarida lililoitwa Pietisten. Mwaka huohuo ghasia zilimfukuza nchini, na jarida likabaki mikononi mwa kijana kutoka kaskazini, Carl Olof Rosenius. Rosenius hakuwahi kuwekewa mikono awe mchungaji. Aliandika tu, mwezi baada ya mwezi, hadi alipofariki mwaka 1868, na wakulima na mafundi walimsoma kwa taa ya mafuta kuliko walivyowasoma maaskofu wao. Ujumbe wake ulikuwa mmoja: mwenye dhambi asijichunguze kutafuta ndani yake dalili za neema, maana msamaha ulipatikana nje yake, katika Kristo, kabla hajauomba. Kutokana na kundi lake kilitoka chama cha EFS, kilichoundwa mwaka 1856, ambacho miaka kumi baadaye kilituma wamisionari Massawa kwa nia ya kuwafikia Waoromo.

Mwaka 1872 ulikuja mgawanyiko. Jarida la Rosenius lilikuwa limerithiwa na Paul Peter Waldenström, mtu msomi na mwepesi wa kalamu. Akachapisha mahubiri yaliyodai kwamba anguko la Adamu lilimbadilisha mwanadamu, halikumbadilisha Mungu. Kwa hiyo aliyehitaji kupatanishwa ni mwanadamu peke yake. Kama Mungu hakuwa na hasira ya kutulizwa, msalaba ulilipa deni gani? Uswidi yote ya wasomaji wa Biblia ikawaka moto. Familia ziligawanyika, nyumba za ibada zikagombaniwa, na mwaka 1878 wafuasi wa Waldenström wakaunda chama chao. EFS ikabaki na wale walioshikilia Rosenius wa zamani. Kisha mwaka 1911 EFS nayo ikapasuka: kundi lililoongozwa na Axel B. Svensson lilisema chama kimeanza kuwavumilia wanaoikosoa Biblia, na ukiikosoa Biblia hutabaki na msalaba wa Rosenius. Hao ndio Bibeltrogna Vänner. Waliofika Itierio walikuwa wametengana na waliotengana.

Baadaye wakaungana nao wengine, na wote wanatoka kwenye ugomvi wa aina hiyo. Wafini walitoka SLEY, chama kilichoanzishwa mwaka 1873 na wafuasi wa Fredrik Gabriel Hedberg. Hedberg alikuwa mchungaji kijana katika uamsho wa Kifini uliomtambua mkulima Paavo Ruotsalainen kuwa mzee wake. Ruotsalainen alifundisha kwamba mwenye dhambi amngojee Kristo kwa hamu na machozi hadi atakapoonja mwenyewe moyoni. Miaka ya 1840 Hedberg akajitenga. Kwa nini nimngojee, alihoji, ikiwa Injili inaniambia amekwisha kuja? Amini leo. Wanorwe wa Misheni ya Kilutheri ya Norway, iliyoanzishwa mwaka 1891 kwa ajili ya China, nao walilelewa na vitabu vya Rosenius; wao wakaenda hadi Pokot. Ukiyaweka makundi haya matatu pamoja unapata kanisa linaloitwa leo Evangelical Lutheran Church in Kenya, ELCK. Kanisa la pili, Kenya Evangelical Lutheran Church, lilitokana na Walutheri wa Tanzania waliohamia Nairobi na Pwani, na lilisajiliwa mwaka 1992. Walutheri wa Kenya si wengi, lakini wana makanisa mawili, na majina yake yanawachanganya hata karani wa usajili.

Sasa nieleze kesi yenyewe, maana bila hivyo majina haya ni vumbi tu.

Si mbali na Membley kuna gereza la Kamiti. Mwezi wa Agosti 2009 Rais Kibaki alibadilisha hukumu za kifo za wafungwa zaidi ya 4,000 nchini kwa mkupuo mmoja, zikawa kifungo cha maisha. Wengi hawakuwa wameomba siku hiyo. Chukua mfungwa mmoja wa Kamiti asubuhi hiyo, ambaye bado hajaambiwa. Je, bado amehukumiwa kifo? Kundi moja la Walutheri litakujibu: hapana, sahihi imewekwa, hukumu imeondoka, na yeye kusikia na kusadiki ni kupokea tu kilicho chake. Ndivyo, wanasema, Mungu alivyofanya siku ya Pasaka: alipomfufua Kristo aliutangaza ulimwengu mzima kuwa na haki, anayeamini na asiyeamini. Kundi la pili litakujibu: angalieni sana, Paulo katika Warumi haachi kuunganisha haki na imani. Kristo alilipia wote, hilo halina ubishi. Lakini anayehesabiwa haki ni yule anayeamini, na kumwambia asiyeamini kwamba tayari ana haki ni kumlaza usingizi. Mfano wangu unachechemea, najua. Mfungwa wa Kamiti alitoka kwenye kitanzi akabaki gerezani, na hakuna Mlutheri wa upande wowote atakayeridhika na wokovu wa namna hiyo.

Watu wa kisiwa cha Bornholm, Denmark, walilichukua fundisho la Rosenius wakalisukuma mpaka mwisho wake. Chama chao kilianzishwa mwaka 1868 chini ya mhunzi, Christian Møller, na sifa yao ilikuwa kuwaambia watu wafurahi kwa sababu ulimwengu wote umekwisha kusamehewa. Wapinzani wao waliwaona kama wanaotoa mkate bila njaa. Ng'ambo ya Atlantiki, mwaka uleule wa 1872 ambapo Waldenström alichapisha mahubiri yake, sinodi za Kilutheri za Marekani zilizoongozwa na C. F. W. Walther wa Missouri zilikutana Milwaukee kuunda umoja wao, na mada waliyoanza nayo ilikuwa kuhesabiwa haki. Walther alisimama upande wa tangazo la Pasaka: ufufuo ni ondoleo la dhambi lililotamkwa juu ya ulimwengu wote. Waswidi wa Marekani hawakukubaliana naye. Ugomvi huo haujazikwa. Mwaka 1979 ulizuka upya katika usharika mmoja huko Kokomo, Indiana, ndani ya Sinodi ya Wisconsin, na mwaka 2012 sinodi hiyohiyo ilimwondoa mchungaji aliyekataa kufundisha kwamba wote wamekwisha kutangazwa kuwa na haki. Pande zote mbili zinaapa kwa kitabu kimoja, Kitabu cha Mapatano cha mwaka 1580. Ni watu wanaokubaliana karibu katika kila jambo, na pengine ndiyo sababu hawawezi kuachana.

Msomaji wa Ruiru anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Jibu langu ni ibada ya Jumapili katika kanisa kuu la Kilutheri lililo Uhuru Highway, karibu na Uwanja wa Nyayo. Ibada ikianza, kabla ya nyimbo kukolea, watu wote wanaungama dhambi zao kwa pamoja, wengine wamepiga magoti, wengine wameinamisha vichwa juu ya benchi la mbele. Kisha mchungaji, katika kanzu yake nyeupe, anawageukia na kutamka ondoleo la dhambi. Haulizi ni nani aliyelia. Haombi ushuhuda. Analitamka juu ya wote, juu ya yule aliyekuja kwa imani na yule aliyeletwa na mkewe, juu ya mtoto anayevuta kamba ya kiatu. Jambo hilo huchukua dakika moja tu. Ndani ya dakika hiyo kesi yote ya Bornholm, Milwaukee na Stockholm inapita mbele ya macho yako: neno limetoka, ni la wote, je, limemfaa nani? Nimekaa katika makanisa mengi ya Barabara ya Thika ambako msamaha hauwezi kutangazwa mpaka mtu asimame, ajitokeze mbele na alie. Tofauti si ya mapambo. Mjane aliyechoka, ambaye hana tena machozi ya kutoa, anaondoka na kitu Uhuru Highway. Kule kwingine mara nyingi anaondoka akijilaumu kwamba hajaguswa.

Kwa hiyo nakiri upande wangu: Hedberg na Rosenius waliona sawa kuhusu mjane huyo. Lakini wale wa upande wa pili nao wana hoja nisiyoweza kuipuuza, hasa Kenya, ambako karibu kila mtu anaitwa Mkristo na kila mwizi wa fedha za umma ana kiti chake cha mbele kanisani. Mwambie mtu huyo kwamba amekwisha kutangazwa mwenye haki tangu Pasaka ya kwanza, naye atakuuliza tu harambee ijayo ni lini.

Makanisa makubwa ya Kilutheri duniani yaliichukua kesi hii kwa njia nyingine. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri lilikutana Helsinki mwaka 1963 likajaribu kulieleza fundisho la kuhesabiwa haki kwa lugha ya mtu wa kisasa, likashindwa kukubaliana. Mwaka 1977 lilikutana Dar es Salaam, likamchagua Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza, na likatamka kwamba kuupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la ungamo la imani lenyewe. Kibira alikuwa mtu wa uamsho uleule uliofika Kabete. Halafu tarehe 31 Oktoba 1999, Augsburg, Fungamano na Kanisa Katoliki wakatia sahihi Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Katibu mkuu wa Fungamano aliyetia sahihi alikuwa Mzimbabwe, Ishmael Noko. Maprofesa wa teolojia wa Ujerumani zaidi ya 150 walikuwa wamelipinga mwaka 1998, na Sinodi ya Missouri, ile ya Walther, ilililaani. Kwa wafuasi wa msimamo wa kale, neno lilikuwa limetiwa sahihi huku kila upande ukilisoma kwa maana yake.

Kenya ikaingia katika magazeti ya Ulaya miaka sita baadaye, kwa jambo lingine. Uswidi ilikuwa imeruhusu wanawake kuwa wachungaji kwa uamuzi wa mwaka 1958, na kadiri miaka ilivyopita waliopinga walizuiwa kuwekewa mikono. Mwaka 2003 wakaunda jimbo lao, Missionsprovinsen, lakini hawakuwa na askofu, na hakuna askofu wa Kiswidi ambaye angewapa. Wakamgeukia Walter Obare, aliyekuwa akiliongoza ELCK tangu 2002. Tarehe 5 Februari 2005, mjini Göteborg, Obare pamoja na maaskofu wengine walimweka wakfu Arne Olsson. Kanisa la Uswidi lilikasirika, na mwaka huohuo Fungamano likamwondoa Obare katika nafasi ya mshauri wa baraza lake. Mwaka mmoja kabla, Missouri ilikuwa imetangaza ushirika wa madhabahu na mimbari na kanisa lake. Pande zilikuwa zimejipanga.

Kuna kichekesho hapa ambacho sijaona wengi wakikitaja. Bibeltrogna Vänner hawakuwa watu wa kujali maaskofu. Rosenius hakuwa hata mchungaji. Itierio ilijengwa na harakati ya walei, na ELCK ilikaa bila askofu hadi 1996, ilipompata wa kwanza, Francis Nyamwaro Onderi. Kisha kanisa hilo, lililozaliwa na watu walioona kofia ya askofu kuwa ni mzigo, ndilo lililovuka bahari kuwapelekea Waswidi askofu.

Na ndipo ninapotofautiana na masimulizi ya kawaida ya mwaka 2005, ya waliomsifu Obare na ya waliomlaani. Wote waliyafanya kuwa habari ya wanawake na mimbari, na ya Afrika kuirudi Ulaya. Ni habari hiyo pia, sikatai. Lakini jambo lililowafanya Waswidi wa 1911 kuacha nyumba yao, Wafini wa miaka ya 1840 kuacha wazee wao, na hatimaye kumleta mtu na mkewe hadi vilima vya Kisii, lilikuwa ni namna mwenye dhambi anavyoweza kulala usingizi akijua amesamehewa. Hilo limesukumwa pembeni. Kanisa la wazao wa Rosenius na Hedberg linajulikana duniani kwa nani asiyewekewa mikono. Naona ni hasara, na naiona zaidi ninaporudi kwenye mitaa yetu, ambako msamaha una bei na huuzwa kwa namba ya M-Pesa iliyoandikwa kwenye bango. Hakuna Walutheri wengine Kenya waliojiandaa kihistoria kuujibu udanganyifu huo kuliko hawa, na hawasikiki.

Pale Itierio leo kuna shule ya sekondari ya wavulana yenye jina la mahali hapo, barabara nyekundu, migomba, na mvua ya alasiri ambayo haikosi kwa siku nyingi za mwaka. Upande wa Nyamira, Matongo, kuna chuo cha teolojia ambako wachungaji wa ELCK husomea. Wanafunzi wake wanasoma Luther, wanasoma Ungamo la Augsburg. Ningependa wasome pia kesi iliyowaleta waliowabatiza babu zao, pande zote mbili, pamoja na hoja za walioshindwa.

Na kuna kazi nyingine isiyosubiri mtaala. Watoto waliobatizwa Itierio miaka ya 1950 sasa ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Mwenye simu ya kurekodi na nauli ya Kisii aende akaketi nao, kwa Ekegusii au Dholuo au Kiswahili, awaulize Mswidi yule wa kwanza aliwahubiria nini kuhusu dhambi zao, na kama walimsadiki.